Rangi Isiyoyeyuka

Mtu wa kwanza kuleta Nachingwea chupa arobaini na mbili za rangi ya akriliki ni mimi. Sijaenda nyumba kwa nyumba kuuliza, lakini nina hakika. Nilirudi nazo kutoka Dar es Salaam katika sanduku la mbao nililolitengeneza kwa mikono yangu, kila chupa na tundu lake, na ndani ya kifuniko nimebandika nakala ya diploma yangu, imetiwa plastiki isiharibiwe na unyevu.

Diploma hiyo ni ya sanaa za ufundi. Niliisomea jioni, miaka mitatu, huku mchana nikikaanga mihogo nje ya lango la kiwanda. Hakuna mjomba aliyenisomesha, hakuna mume aliyenisomesha. Baada ya hapo, kwa miaka kumi na mmoja, nilipaka rangi watu wadogo: bwana na bibi harusi wanaosimama juu ya keki, na wale wa kimo cha njiti ya kiberiti wanaowekwa kwenye mifano ya majengo ili tajiri aone nyumba yake itakavyokaa na watu mlangoni. Nimepaka suti, nimepaka vilemba, nimepaka kucha za bibi harusi ambaye yeye mzima alikuwa mfupi kuliko kidole changu. Wengi wanaojiita wachoraji wangetetemeka.

Nilirudi nyumbani nikiwa na nyumba yangu mwenyewe mjini Nachingwea na nia ya kufungua karakana Ruangwa, mji unaokua. Kabla ya karakana, hata hivyo, kulikuwa na mtoto wa kushughulikiwa.

Mdogo wangu anaishi kijijini Mkotokuyana, analima korosho na ufuta. Binti yake, ambaye kwa desturi yetu ni mwanangu pia na huniita mama mkubwa, alikuwa amemaliza darasa la saba. Shule ya bweni tuliyoitaka iko Ruangwa, na jina lake halikuwamo katika orodha. Nilikwenda mwenyewe, mara tatu, nikakaa kwenye benchi nje ya ofisi mpaka mkuu wa shule akachoka kuniona. Mara ya tatu aliniambia kuna mtoto mmoja amehamia mkoa mwingine.

"Aripoti Jumatatu tunayofungua," alisema. "Jumanne asubuhi nampigia simu anayefuata. Sitasikiliza habari ya basi wala ya msiba."

Niliwaambia watu wote nafasi ile nimeitafuta mimi. Ndiyo kweli.

Lakini mtoto hawezi kwenda kukaa na wasichana wenzake bwenini bila kuchezwa unyago, angalau si kwetu. Akaingizwa nyumba ya wari, yaani wasichana wanaochezwa, likizo ya Desemba, pamoja na wenzake wanne. Ilipangwa watatoka Jumamosi, na Jumatatu alfajiri mwanangu apande basi la Ruangwa. Siku moja ya katikati ya kupumzika. Niliona inatosha.

Nyakanga, yaani bibi anayeongoza unyago, alikuja kwangu mwenyewe kwa pikipiki ya kukodi, amekaa upande, kanga mbili, mgongo umenyooka. Alikuwa na kapu. Ndani ya kapu, juu ya majani ya mgomba, walikuwa wamelala watu kumi na wawili wa udongo mbichi usiochomwa, wa urefu wa kidole cha kati. Mwanamke na kinu. Mgeni mwenye mzigo kichwani. Sungura. Kobe. Wengine sitawataja. Kila mmoja ana funzo lake, na mafunzo hayo sitayaandika. Niliapa nikiwa na miaka kumi na miwili na kiapo changu ni kimoja.

"Nasikia unapaka watu wadogo," alisema. "Wangu huwapaka mwenyewe, unga, mkaa na udongo mwekundu. Sasa macho hayaoni pua ya sungura iko wapi. Nipakie."

"Bibi," nikamwambia, "utaona watu humu mpaka utawasalimia."

Alicheka, akaniachia msaidizi wake aniangalie nikifanya kazi. Msaidizi huyo ni Mmakonde na mimi ni Mmwera, kwa hiyo ni mtani wangu, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuitia ng'ombe. Aliketi barazani kwangu siku mbili nzima akila karanga zangu na kunitukana.

Nitaeleza nilivyochagua rangi, maana watu hudhani ni suala la kupenda nyekundu au bluu. Udongo mbichi una kiu. Ukiupaka rangi nzito unainywa bila mpangilio na kuacha mabaka. Kwa hiyo tabaka la kwanza liwe jepesi kama maji ya wali, lisambae, likauke, ndipo ufuate la pili. Njano na nyekundu ni rangi dhaifu, hazifuniki. Mtu asiyejua hupaka njano mara tano juu ya udongo na bado anaona udongo. Mimi huanza na nyeupe chini ya njano, na kahawia chini ya nyekundu, basi mara mbili tu zimekaa. Kwa ngozi ya mtu kamwe usitumie kahawia ya chupa peke yake, ni rangi ya mlango. Changanya kahawia iliyoungua, ile nzito inayokaribia weusi, nyekundu kidogo, tone la bluu, na sehemu inayopigwa na jua ongeza njano ya udongo. Usitumie nyeupe, utampa mtu majivu. Na kwa kitu kidogo chagua rangi isiyong'aa. Kinachong'aa kikiwa kidogo huonekana kimelowa.

Mtani wangu alitazama chupa zangu zikitoka moja moja. "Kwani huna zile za kopo, za watoto wa chekechea?" aliuliza. "Mjukuu wangu anazo. Nyekundu, kijani, zote zimo. Unatia maji, unapaka, basi."

"Zile za watoto ukizimwagia maji zinakimbia."

"Ehe."

"Ehe nini? Hizi zangu hazikimbii. Tazama." Nilichukua kobe, ambaye alikuwa amekauka tayari, nikamdondoshea maji mgongoni. Yalikaa kama shanga, yakateleza, yakaanguka sakafuni. Mgongo ukabaki kama ulivyokuwa. "Unaona? Hata mvua ya Machi haimtoi rangi huyu."

Alitafuna karanga akimtazama kobe muda mrefu kidogo. "Mmwera akipata cheti," alisema, "hata udongo anauvalisha suti."

"Na Mmakonde akikosa cheti anauliza cha mwenzake kinaliwa na nini."

Tukacheka. Nimerudia kikao kile kichwani mara nyingi sana. Alijua? Baadaye nilimwuliza. Alisema alidhani mtu mwenye diploma ana dawa yake ya kuja kuitoa rangi hiyo.

Mgeni mwenye mzigo ndiye niliyempaka mwisho, na ndiye kazi bora kuliko zote nilizowahi kufanya, pamoja na za Dar. Nilimvisha kitenge chenye maua ya duara, kila ua nukta tatu. Mzigo wake niliufunga kamba kwa mstari mmoja tu wa brashi, bila kupumua. Uso wake ulikuwa na uchovu wa mtu aliyetembea kutoka Kiegei. Nilimweka dirishani nikamzunguka mara mbili.

Jumanne ya wiki ile ya mwisho tulivipeleka vinyago hivyo Mkotokuyana. Nyumba ya wari iko mwisho wa kijiji, vyumba viwili vya udongo na ua wa majani uliofungwa pande zote. Mlangoni nilitoa simu yangu, kama ilivyo sheria, nikamwachia mdogo wangu. Yeye kama mama wa mwari haruhusiwi kuvuka ua mpaka siku ya kutolewa. Nilivuka mimi. Nyakanga akanieleza, kama mtu anayenikumbusha tu, kwamba aliyeingia na vinyago hutoka navyo vimekwisha. Nilijibu, "Ndiyo, bibi," nikiwaza vimekwisha kazi.

Jumatano vilifanya kazi. Sisemi zaidi, ila wasichana watano walipofunuliwa kanga usoni na kuviona, walivuta pumzi kwa pamoja. Mwanangu alinitazama mimi badala ya kinyago. Nyakanga mwenyewe alimshika sungura karibu na jicho, akamwambia, "Na wewe leo una pua." Katika maisha yangu ya kazi sijalipwa sifa kubwa kuliko ile.

Alhamisi asubuhi wasichana walifunikwa tena na kupelekwa chumba cha ndani. Hapo ndipo nilipojua nisichokuwa nakijua. Mimi nilichezwa nikiwa mtoto, nami nilifunikwa saa kama ile, na nilipokua sikuwahi kurudi kukaa upande wa watu wazima. Nilikuwa Dar natafuta maisha. Wanawake wa kwetu wote wanajua kinachofuata baada ya kanga kushuka. Mimi nilikuwa na miaka arobaini na moja na sikujua, na hakuna aliyeniambia, kwa sababu mtu mzima hafundishwi hilo.

Mtani wangu alileta beseni kubwa la maji. Nyakanga alivipanga vinyago ndani kimoja kimoja, akikitaja kila kimoja kwa jina lake. Kisha tulikaa.

Kwa kawaida, nilielezwa baadaye, haichukui hata muda wa kuchemsha chai. Udongo mbichi unalegea, unga unaelea, mkaa unazama, maji yanakuwa ya kahawia, na beseni linamwagwa chini ya migomba. Kinyago ni mdomo. Kikishasema lazima kirudi kuwa udongo, la sivyo kitakwenda kusema nje. Na mwari hatoki kabla mdomo haujafungwa.

Tulikaa mpaka kivuli cha paa kikahama. Maji yalikuwa safi kama ya kunywa. Chini yake watu wangu kumi na wawili walikuwa wanang'aa.

"Mwanangu," nyakanga alisema, "umepaka nini?"

"Akriliki, bibi."

"Ndiyo nini?"

"Ni rangi inayodumu."

"Inadumu mpaka lini?"

Nikainamia beseni. Ningeweza kumjibu. Niliwahi kuwaahidi wateja kwamba nyumba itachakaa na rangi itabaki.

Mtani wangu alinyanyuka na mchi. Nyakanga akamzuia kwa mkono. "Sipigi mtu aliyenifundishia watoto. Viyeyuke." Kisha akatuangalia sote wawili. "Mpaka hapo mlango umefungwa. Wari, mimi, na nyie."

"Jumamosi, bibi..." nilianza.

"Jumamosi ni ya vinyago, si yangu."

Mtani wangu ndiye aliyetoa shauri, siku ileile, kabla ya adhuhuri. "Chukua wembe umkwaruze mmoja. Maji yakipata mlango yataingia." Alikuwa sahihi kabisa. Nami, ninayeijua rangi ile kuliko mtu yeyote kati ya Ruangwa na Nachingwea, nilijua yuko sahihi. Nikasema tusubiri. Nikasema chini ya miguu sikupaka vizuri, maji yatapanda kutoka huko yenyewe, taratibu. Nilizungumza kitaalamu, nikataja utando na vinyweleo. Nyakanga alinisikiliza kwa heshima, akasema basi tusubiri.

Sababu ya kweli ilikuwa yule mgeni. Nilikuwa namwona pale chini, kitenge chake hakijapoteza hata nukta moja.

Ua ule una hatua kumi na tisa upande mmoja na kumi na nne upande mwingine. Nilizipiga Alhamisi yote na Ijumaa yote. Mvua ilinyesha Ijumaa mchana, tukarundikana ndani, moshi wa jiko ukigoma kutoka. Mimi ambaye nimezoea funguo zangu mwenyewe, nikilala na kuamka nitakavyo, niliomba ruhusa ya kwenda chooni. Nilikula ugali na mlenda kutoka sahani moja na watu wanne. Kila nilipopita karibu na mlango wa ndani sauti ndogo iliniita kutoka upande wa pili wa ukuta.

"Mama mkubwa, leo siku gani?"

"Ijumaa."

"Kesho tunatoka?"

"Lala, mwanangu."

"Saa tisa hii ya mchana?"

Jumamosi watu walikuja. Tuliwasikia kabla hawajafika, vigelegele vikipanda njia ya korosho, ngoma mbili, watoto. Walisimama nje ya ua. Nyakanga akapaza sauti moja tu kwamba bado. Ngoma zikanyamaza katikati ya pigo. Hakuna anayeruhusiwa kuuliza kwa nini bado, na hakuna anayeruhusiwa kujibu, ndivyo ilivyo. Lakini mdogo wangu aliufuata ua kwa nje mpaka aliponisikia nikikohoa.

"Dada."

"Nakusikia."

"Wali umeiva. Mbuzi wawili wameshachinjwa. Watu niwaambie nini?"

"Waambie wale."

"Wale bila wari? Unataka nichekwe mpaka nife?" Akashusha sauti. "Dada, Jumatatu ni keshokutwa. Sanduku lake nimeshalifunga. Kuna mtu amekosea huko ndani?"

Majani ya ua yalikuwa kati yetu, membamba kiasi kwamba nilimwona kidole. Nilifungua mdomo nikaona mtani wangu ananitazama kutoka kwenye kizingiti, mikono kiunoni. Kwa mara ya kwanza hakuwa na utani.

"Maji yanafanya kazi polepole," nilisema.

"Maji gani?"

Nilishaharibu zaidi. Niliondoka pale kwenye ua nikaingia ndani.

Jumapili baada ya sala ya asubuhi sauti ile ya nyuma ya ukuta iliniita tena. Haikuuliza siku.

"Mama mkubwa, ile nafasi, ukimwomba mwalimu mkuu tena, atanipa mwaka mwingine?"

Alikuwa ameanza kuiaga. Alikuwa na miaka kumi na mitatu, amekaa gizani tangu Alhamisi akifanya hesabu, na hesabu yake ilikuwa imemtoa shuleni kwa adabu, bila kumlaumu mtu.

Nilikwenda kwa mtani wangu nikanyoosha mkono. Alitoa wembe kwenye pindo la kanga.

Nilianza na mgeni mwenye mzigo. Kama ningeanza na kobe nisingemfikia. Nilimchana mgongoni, kutoka kwenye mzigo mpaka kisigino, mstari mmoja, bila kupumua, kisha nikamrudisha majini. Mwanzoni hakuna kitu. Halafu uzi wa udongo ukatoka mahali pale, kama moshi, ukapanda. Nilimbonyeza taratibu kwa vidole viwili na udongo ukaendelea kutoka, laini, mwingi kuliko nilivyodhani mtu wa kimo kile anaweza kuwa nao. Tuliwachana wote kumi na wawili. Maji yakawa mazito, ya kahawia, kama yanavyotakiwa. Nyakanga akatia mkono mpaka chini, akapapasa, akasema, "Wamekwenda."

Kisha mkono wake ukatoka na kitu.

Ilikuwa ngozi. Ngozi tupu ya akriliki, nyembamba kama ganda la kitunguu, yenye kitenge cha maua ya duara na uso uliochoka. Zote zilikuwamo, ngozi kumi na mbili, zimebonyea, macho yakiwa mahali pake.

Mtani wangu alishauri moto. Nikamwambia zitatoa moshi mbaya na kubaki donge. Kuzika? Haziozi. Migombani? Kuku watazifukua kabla ya alasiri. Niliyajibu yote kwa uhakika. Hayo ndiyo niliyosomea.

Nyakanga alizipanga kwenye sinia akazitazama. "Udongo umerudi," alisema mwishoni. "Wari wangu wako huru. Lakini hizi hazijarudi, na aliyezileta ni mmoja." Akanisukumia sinia. "Watoto watatoka leo. Wewe hujatoka."

Wari walitolewa Jumapili alasiri, unga mweupe kwenye vipaji vya nyuso, mbele ya watu wachache waliobaki na wali wa jana. Mimi nilibaki uani. Nilisikia vigelegele, nikaitambua sauti ya mdogo wangu ikipasuka katikati. Jumatatu alfajiri nilisikia pikipiki ikipita na sanduku likigonga, na mtoto aliita, "Mama mkubwa, tunakwenda!" Niliitikia kwa nguvu zangu zote. Sijui kama alisikia. Saa nne mdogo wangu alileta habari ya simu mpaka kwenye ua: ameandikishwa, amepewa kitanda cha juu, karibu na dirisha.

Mimi niliruhusiwa kurudi Nachingwea wiki iliyofuata, kwa masharti. Ngozi zinakaa kwa nyakanga, ndani ya chungu cha maji, na mpaka ziyeyuke mimi ni mtu wa nyumba ile. Msimu wa unyago ukifika nafinyanga, napaka na kukaa ndani mpaka mwisho, na sihamii wilaya nyingine. Nimeshafanya misimu miwili. Napaka kwa unga, mkaa na udongo mwekundu, na ninaweza kusema bila haya kwamba hakuna aliyewahi kutoa kahawia za ngozi nne tofauti kutoka vitu vile vitatu kabla yangu. Vinatazamwa siku moja, kisha navitia majini mwenyewe. Chumba nilichokuwa nimekiona Ruangwa kwa ajili ya karakana, sasa kuna mtu anauza vipuri vya pikipiki.

Binti yangu yuko kidato cha tatu. Ameniandikia kwamba kuna siku ya wazazi, na kwamba amewaambia wenzake mama yake mkubwa ana diploma na atakuja kuwaonyesha kupaka. Siku yenyewe ni ya kufunga shule, Desemba, katikati ya msimu. Nilikwenda kwa nyakanga kuomba siku moja tu.

Alifunua chungu, akakitikisa kidogo, akanipa nitazame. Maji yalikuwa meupe, na wao wamo.

"Bado, bibi," nilisema.

"Basi kalete udongo," alisema. "Ule wa mtoni, si wa barabarani."

Nilichukua kapu nikateremka.